Gari ya petroli inakula mafuta na kutoa moshi mchafu: mwongozo kamili wa kuitibu hatua kwa hatua

Watu wengi wanachukulia moshi mchafu ni kesi moja na gari kula mafuta ni kesi nyingine, yani moshi ni mambo ya watu wa mazingira na ukaguzi, mafuta ndo yanakuhusu wewe mwenye gari. Sio hivyo. Eksozi ikinuka petroli maana yake ni petroli uliyolipia imetoka bila kuungua, na ile hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi (CO) ni petroli iliyoungua nusu, nguvu yake iliyobaki imeenda zake bila kusukuma tairi. Ukiifanya injini ichome vizuri unapata vyote viwili kwa mkupuo. Kuna sehemu moja tu haya mawili yanagombana, na ndo hapo watu wengi wanaharibu.

Kwanza jua unapambana na nini

Petroli ili iungue sawasawa inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Lita moja ya petroli ina uzito wa kilo 0.74 hivi, kwahiyo injini inavuta karibu kilo 11 za hewa kuchoma lita moja tu, na ikimaliza inatoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Hiyo dayoksaidi hamna kifaa kwenye gari cha kuichuja, dawa yake ni kuchoma lita chache, basi.

Gesi chafu zinazotibika gereji ni tatu. CO inatoka pale mafuta yakizidi hewa, mafundi wanasema injini iko richi. Haidrokaboni (HC) ni petroli iliyopita bila kuungua, mara nyingi kwasababu silinda moja inamisi (inakosa kuchoma). Alafu kuna oksaidi za naitrojeni (NOx), hizi zinatokea joto ndani ya silinda likiwa kali mno mpaka naitrojeni ya kwenye hewa yenyewe inaungana na oksijeni. HC na NOx zikipigwa na jua zinatengeneza ule ukungu wa kahawia wa mijini, Arie Haagen-Smit ndo alionyesha hivyo kule Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Sasa ule ugomvi ni huu. Mtu akisikia kupunguza mafuta anakimbilia kubana, anafanya mchanganyiko uwe mwepesi (leni) kwa kuchezea kabureta au kudanganya sensa, na kweli CO inashuka, ila masega ya eksozi (kile kifaa cha kusafisha moshi, catalytic converter) hayawezi kuvunja NOx pale oksijeni ikiwa imezidi, na ukizidi kubana injini inaanza kumisi, HC inapanda tena, valvu zinaweza kuungua na gari haina nguvu kwahiyo unakanyaga zaidi. Hujaokoa kitu. Unachotaka ni kuirudisha injini pale kwenye 14.7 ilipowekwa na kiwanda, sio kuibana.

Hatua ya 1: pima kabla hujagusa kitu

Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, sifuri mita ya safari, tembea kawaida yako, alafu rudi ujaze tena kwenye kituo kilekile ikiwezekana pampu ileile. Tuseme umetembea kilomita 420 na imeingia lita 38, hapo unapata kama kilomita 11 kwa lita, au lita 9 kwa kila kilomita 100. Rudia matenki matatu upate wastani kwasababu tenki moja linadanganya, foleni ya wiki moja tu inatosha kuharibu hesabu. Usitegemee ile namba ya kwenye dashibodi pekee, nyingi zinajipendelea.

Ukipata sehemu yenye mashine ya kupima gesi za eksozi pima na hizo uziandike. Ukikosa, pua na macho vinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 2: soma moshi, alafu soma plagi

Moshi mweusi ni mafuta yamezidi. Wa bluu ni oili inaungua, aidha ringi au sili za valvu. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto na maji ya redieta yanapungua, hapo gasketi ya silinda hedi ndo mshukiwa wa kwanza (ule mvuke mwepesi wa asubuhi ni maji ya kawaida, usipanike). Angalia pia tundu la bomba, masizi meusi makavu yanayotoka na kidole ni dalili ya richi, ila injini zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda huwa na masizi hata zikiwa nzima kwahiyo kwa hizo usihukumu kwa bomba.

Kuna kipimo kimoja cha bure nakipenda sana: gari ikiwa sailensi, yani imesimama inanguruma tu, shika karatasi karibu na mdomo wa eksozi. Inatakiwa isukumwe nje kwa mwendo sawa. Ikiwa kila baada ya muda inavutwa kurudi ndani basi kuna valvu ya kutolea moshi haifungi vizuri, na hiyo hata ubadilishe sensa zote haitapona, nenda kapime kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda).

Injini ikipoa fungua plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake, usizichanganye, maana ukizichanganya umepoteza ushahidi wote. Plagi nzima ina ncha ya rangi ya kahawia isiyokolea au kijivu. Ikiwa nyeusi kavu kama masizi ya chungu, richi. Nyeusi inang'aa na ina utelezi, oili. Nyeupe kama chaki na pembeni imelikalika, joto limezidi, mchanganyiko leni au plagi sio ya namba yake. Zikiwa zote nyeusi sawasawa tatizo ni la injini nzima (sensa, presha ya mafuta, au thamostati, ile valvu ya maji ya kupoza injini). Ikiwa moja tu ndo mbaya tatizo ni la silinda hiyo, koili yake (inayotoa umeme wa cheche), injekta yake (inayopuliza mafuta) au kompresheni yake, na hapo umeshajiokoa na kununua vitu ambavyo havihusiki.

Mwanya wa plagi kwenye magari mengi uko kati ya milimita 0.7 na 1.1, kitabu cha gari kinasema ngapi hasa. Zile za kawaida za kopa zikifika kilomita elfu 30 hivi zimechoka, za iridiamu au platinamu zinafika hata laki moja, na za iridiamu usizisugue na brashi ya waya, ile ncha ni nyembamba inavunjika. Plagi iliyochoka inafanya silinda imisi kidogo kidogo ambapo wewe huisikii, ila kila cheche inapokosa, petroli ya mzunguko huo inaenda nzimanzima kwenye eksozi.

Hatua ya 3: thamostati, ile ambayo mafundi wanaing'oa

Hapa nitakaa kidogo. Gari ikichemsha, fundi anang'oa thamostati, tatizo "linaisha", mwenye gari anashukuru. Kuanzia siku hiyo maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa sana kupata joto na ikiwa mwendo wa kasi haifiki kabisa. Thamostati nyingi zinafunguka kuanzia nyuzi 82 mpaka 92 za Selsiasi na kompyuta ya gari inajua hivyo. Ikiona maji yako nyuzi 60 inaamini injini bado ya baridi, inaongeza mafuta, na inaendelea kuongeza safari nzima. Juu ya hapo oili inabaki nzito, petroli isiyoungua inachuruzika kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili, na masega yanachelewa kupata moto. Vyote hivyo kwa kakitu kamoja kadogo kalikotolewa.

Washa gari asubuhi, endesha dakika 10 hadi 15, sindano ya joto inatakiwa ifike katikati na ikae hapo. Ikipanda ukiwa foleni na kushuka ukikimbia, thamostati haipo au imekwama wazi. Kwenye mashine ya kusomea makosa utakutana na kodi (namba ya kosa) P0128. Rudisha mpya yenye nyuzi zilezile za kiwanda, na kama gari ilikuwa inachemsha kweli tafuta sababu yenyewe, redieta imeziba, feni haiwaki, mfuniko wa redieta haushiki presha.

Hatua ya 4: hewa inayoingia, hasa ile isiyoruhusiwa

Ea klina chafu badilisha, ila nisikudanganye, kwenye gari ya injekta ea klina chafu haiongezi sana ulaji wa mafuta kwasababu kompyuta inapima hewa iliyoingia na kupunguza mafuta kufuatana nayo. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani walilipima hili 2009 wakakuta kinachoshuka ni nguvu ya kuchanganya mwendo, ulaji haukubadilika kwa maana. Kwenye kabureta ni kesi nyingine, kule ikiziba tu injini inaenda richi.

Kinachoumiza ni hewa inayopita mlango wa uani, baada ya sensa ya hewa. Mipira ya vakyumu iliyokauka, gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), mpira mkubwa wa hewa uliopasuka kwa chini ambapo huoni mpaka uukunje kwa mkono. Tafuta sauti ya kufyonza. Weka maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia upige kidogokidogo kwenye maungio injini ikiwa sailensi, ukipiga mahali mlio ukabadilika umepata. Usitumie zile kemikali za kusafishia kabureta juu ya injini ya moto, watu wameunguza magari.

Kama una kifaa cha OBD, kile cha kuchomeka kusoma kompyuta ya gari (magari ya 1996 na kuendelea kwa Marekani, Ulaya ya petroli kuanzia 2001, mengine yanategemea) usiishie kusoma kodi, fungua data za moja kwa moja uangalie marekebisho ya mafuta, yale ya muda mfupi na ya muda mrefu. Ni asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza kutoka kwenye hesabu yake. Kati ya minus 10 na plus 10 haina shida. Sasa cheza nayo. Tuseme sailensi inasoma plus 18, ukishika mizunguko 2500 kwa dakika inashuka plus 4, hiyo ni hewa ya wizi, kwasababu tundu dogo linaonekana kubwa pale injini inavuta hewa kidogo. Ikiwa kinyume chake, sailensi iko poa ila ukipandisha mlima inaruka juu, mafuta hayafiki, angalia filta ya mafuta na pampu, au sensa ya hewa imechafuka inapima pungufu. Ikiwa minus 15 kote, mafuta yamezidi: injekta inavuja, presha ya pampu iko juu, au valvu ya mvuke wa tenki imekwama wazi. Gari ambazo hazina sensa ya hewa ya kwenye bomba, zinatumia ya presha ya manifoldi, huwa hazionyeshi wizi wa hewa hivi, zenyewe zinapandisha sailensi tu.

Sensa ya hewa inasafishwa kwa spray yake maalumu, bila kugusa ule waya kwa kitu chochote, na inaachwa ikauke kabisa. Throtobodi (mlango wa hewa wa injini) nayo safisha. Alafu valvu ndogo ya PCV inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini, itoe uitikise, ikilia kachakacha ni nzima, ikikaa kimya imeganda.

Hatua ya 5: sensa ya oksijeni

Hii ndo pua ya mfumo mzima, inanusa moshi na kuiambia kompyuta ongeza au punguza. Sensa ya kawaida iliyopo kabla ya masega inatakiwa iruke kati ya volti 0.1 na 0.9, ikivuka 0.45 kwenda na kurudi, injini ikiwa ya moto na mizunguko kama 2500 inavuka angalau mara moja kila sekunde. Ikizeeka inakuwa mvivu, kompyuta inasubiri jibu, na wakati inasubiri mafuta yanaendelea kumwagika. Nyingi zinaanza kuchoka kati ya kilomita laki moja na laki moja na sitini. Idara ya nishati ya Marekani inasema tatizo kubwa kama sensa mbovu ya oksijeni likirekebishwa linaweza kuboresha ulaji hadi asilimia 40, hiyo ni kwa kesi mbaya sana, usitegemee kila gari.

Kabla hujainunua angalia eksozi haivuji mbele ya sensa. Tundu hapo linavuta hewa ya nje, sensa inaona oksijeni nyingi inasema injini iko leni, kompyuta inaongeza mafuta, na wewe unabadilisha sensa mara ya pili unalaumu duka. Na sensa za kisasa za aina ya pana (wideband) hazisomi 0.1 mpaka 0.9, usizihukumu kwa kipimo hiki.

Hatua ya 6: masega, yaache mahali pake

Ndani yake ni kauri yenye vitundu vidogo sana iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Yanaanza kufanya kazi joto likifika nyuzi 250 hadi 300, kwahiyo HC nyingi za safari nzima zinatoka dakika ya kwanza au ya pili baada ya kuwasha, kabla hayajapata moto.

Kuyatoa eti gari iwe nyepesi ni ushauri mbovu. Masega mazima hayabani kitu cha maana kwenye gari ya kawaida, yanayobana ni yaliyoyeyuka, na yaliyeyuka kwasababu silinda ilikuwa inamisi na petroli mbichi ikawa inaungulia mle ndani. Ukiyakata umeondoa dalili, ugonjwa unabaki. Kodi P0420 (masega hayasafishi vya kutosha) ikiwaka usikimbilie kununua mapya pia, rudi hatua ya 2 mpaka ya 5 kwanza, maana masega mapya kwenye injini inayomisi yanakufa haraka vilevile. Zamani muuaji mkubwa alikuwa risasi ya kwenye petroli, ila Algeria ndo ilikuwa nchi ya mwisho kuacha kuiuza Julai 2021, siku hizi yanakufa kwa kumisi na kwa fosforasi ya oili inayoungua. Kujua kama yameziba, chomeka geji ya vakyumu, shika mizunguko 2500, sindano ikizidi kushuka taratibu moshi hautoki.

Hatua ya 7: mafuta na mvuke wake

Oktani tumia ile iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye mfuniko wa tenki. Kuweka ya juu kwenye injini isiyoihitaji hakuongezi kilomita, kuweka ya chini kwenye injini ya tabo inayohitaji ya juu kunaifanya igonge, kompyuta inarudisha nyuma muda wa cheche na ulaji unapanda. Mfuniko wa tenki usioshika na mpira wake umepasuka unaachia mvuke wa petroli masaa 24 hata gari ikiwa imelala. Usijaze baada ya pampu kujikata, petroli inaingia kwenye kopo la makaa linalonasa mvuke na kuliharibu. Injekta chafu, dawa ya kwenye tenki yenye kemikali ya PEA inasaidia kiasi, zikiwa mbaya zaidi zitolewe zisafishwe kwenye mashine. Oili weka ya uzito ulioandikwa, gari ya 0W-20 ukiiwekea 20W-50 unaipa mzigo bure.

Hatua ya 8: tairi, breki na mguu wako

Upepo upime tairi zikiwa baridi, kwa namba ya kwenye stika ya mlango na sio ile iliyo ubavuni mwa tairi (ile ni kiwango cha juu kabisa). Kila psi 1 ikipungua kwenye tairi zote unapoteza kama asilimia 0.2, inaonekana ndogo ila kuna magari yanatembea na pungufu ya psi 10. Inua gari uzungushe kila tairi kwa mkono, ikigoma breki inang'ang'ania. Keria tupu juu ya paa toa.

Kuendesha ndo kuna pesa nyingi kuliko vyote hivi, kukanyaga na kubana breki kwenye foleni kunaweza kupoteza asilimia 10 mpaka 40. Angalia mbele, ukiona taa nyekundu toa mguu mapema ukiwa ndani ya gia: gari ya injekta inakata mafuta kabisa ikishuka hivyo, ila ukiweka nyutro mteremkoni inabidi injekta zipulize ili injini isizime, kwahiyo ule ujanja wa nyutro unakula mafuta na unakupunguzia udhibiti wa gari juu yake. Asubuhi usiiachie ingurume dakika kumi eti ipate moto, nusu dakika inatosha, kisha ondoka taratibu, itapata moto haraka zaidi ikitembea na masega yataamka mapema. Na usiiache ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, CO haina harufu na inaua.

Kwenye hailwei nguvu ya kusukuma upepo inapanda kwa mwendo kuzidishwa kwa wenyewe mara tatu (mwendo x mwendo x mwendo), yani ukiongeza mwendo mara mbili unahitaji nguvu mara nane ya kuupasua upepo tu, kwahiyo kutoka 120 kushuka 100 utaiona kwenye tenki.

Kwa wenye kabureta na tustroku

Kabureta, angalia choki inarudi kabisa, kimo cha floti, na skrubu ya mchanganyiko irekebishwe injini ikiwa ya moto: izungushe mpaka mlio uwe juu na laini kuliko pote, usiende zaidi ya hapo. Tustroku (injini ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili na petroli) ina ugonjwa wa kuzaliwa nao, sehemu ya mchanganyiko mpya inatoroka kwenye tundu la moshi kabla haijaungua. Unachoweza kufanya ni kufuata kipimo cha oili (kama ni 50 kwa 1 iwe hivyo kweli, usikadirie kwa jicho) na kusafisha kaboni kwenye eksozi. Ukiwa unanunua mashine mpya chukua forstroku (ya mipigo minne).

Vitu vya kuacha

Sumaku za kwenye bomba la mafuta, vidonge vya tenki, feni ndogo ya kwenye ea klina, mitungi ya haidrojeni ya maji. Shirika la mazingira la Marekani (EPA) limepima vifaa zaidi ya 100 vya aina hii, vichache sana vilionyesha faida yoyote na hiyo faida ilikuwa ndogo.

Ukimaliza, futa kodi, tembea siku kadhaa kompyuta ijifunze upya, alafu rudia yale matenki matatu ya hatua ya 1. Kwenye mashine ya gesi, injini nzima ya moto yenye masega inatakiwa CO iwe chini ya asilimia 0.5, HC chini ya ppm 100 (sehemu 100 kwa milioni), oksijeni chini ya asilimia 1 na kaboni dayoksaidi iwe juu, 13 mpaka 15. CO juu na oksijeni chini, bado richi, rudi kwenye thamostati na sensa. HC juu huku oksijeni nayo iko juu, kuna silinda inamisi au eksozi inavuta hewa, rudi kwenye plagi.